Uchaguzi wa Lesotho Katika Jiko la Al Qusais

Nyinyi mnaopita kwangu kuaga kabla ya kupanda ndege, nawaambieni wote neno moja: ukifika kwenye nyumba ya wafanyakazi, mtafute mwenye funguo umsalimie vizuri. Sisemi hivyo kwa kuwa mimi nilikuwa mwenye funguo. Nasema kwa kuwa mwenye funguo ndiye anayeamua kama utalala kitanda cha chini au cha juu, na cha juu kiko usawa wa tundu la AC, na AC za Dubai zina tabia ya kutema maji.

Kazi hiyo wanaiita kambi bosi. Jina kubwa, mshahara wa kawaida. Nilikwenda kule kusafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Rigga, magoti yakanigomea, hoteli ikaona bora inipeleke Al Qusais nikasimamie jengo walikolala wanawake wake. Walikuwa wasafishaji, wahudumu wa mgahawa na walinzi wa kike. Wakenya wengi, Waganda wengi, Wafilipino, Wanepali, na sisi Watanzania wa kuhesabika. Wote waliniita Anti, hata wale walionizidi umri.

Aliyenifundisha kazi ni Leela, mama wa Kikerala aliyeshika funguo kabla yangu. Alinizungusha jengo zima asubuhi hadi mchana bila kusema la maana, mwishowe akasimama mbele ya friji la jikoni akaniambia, "Huyu ndiye adui yako." Nikacheka. Yeye hakucheka, nikaacha.

Alisema kweli. Wanawake wa jengo moja hawagombani kwa sababu ya nchi zao. Wanagombana kwa sababu ya rafu ya friji, kisha wanatafuta nchi ya kusingizia. Leela alinifundisha mengine pia. Usiwalaze wawili wa kijiji kimoja chumba kimoja, maana msiba ukitokea kwao unapoteza wafanyakazi wawili kwa simu moja. Habari mbaya mpe mtu akishakula. Na mtu akiwa na jambo zito, usimwangalie usoni, kila mtu anajua kuuficha uso. Angalia anachoosha. Mwenye jambo zito huosha vyombo visafi. Hilo la vyombo nililiona la kipuuzi kwa miaka mingi.

Mambo yalibadilika nikiwa hapo hapo. Mwanzoni malalamiko yaliletwa mlangoni kwangu, mtu na mdomo wake, na wengi walipokuwa wakipanda ngazi hasira ilikuwa imeshapungua. Halafu likaja kundi la WhatsApp, malalamiko yakaanza kuja na picha. Nimewahi kuamshwa usingizini na picha ya kitunguu kilichoumwa.

Sasa niwaeleze siasa ilivyoingia jikoni kwangu.

Mwaka mmoja Wakenya walikuwa na uchaguzi kwao. Mimi nikaona vyema wakutane jikoni wafuatilie matokeo pamoja, wajisikie nyumbani. Wakajisikia nyumbani kweli kweli. Kufika asubuhi friji lilikuwa limegawanywa katikati kwa selotepu, upande wa chama hiki na upande wa chama kile, na maziwa ya Mnepali mmoja asiyehusika yakabaki mpakani, hayafikiki. Nikalazimika kuhamisha vitanda. Kisha nikabandika bango: HAKUNA SIASA JIKONI. Tulikuwa wageni katika nchi ya watu, haikuwa mahali pa kupigia kelele za namna hiyo. Bango likakaa. Siasa nayo ikakaa, ila ilihamia bafuni.

Kwa hiyo Palesa alipokuja kuniomba ruhusa ya kufuatilia uchaguzi wa kwao, nilisita. Palesa alikuwa Msotho, wa pekee katika jengo zima. Mpole, mrefu, msafishaji wa vyumba. Kiswahili alikiokota jikoni, nusu cha Wakenya na nusu cha Waganda, na alikuwa akikitengeneza mwenyewe pale kilipopungua. Mueni, Mkamba wa Machakos aliyekuwa mlinzi wa mlango wa nyuma wa hoteli, aliwahi kumwuliza Lesotho ni mkoa gani wa Afrika Kusini. Palesa akasema si mkoa, ni nchi, iko milimani, Afrika Kusini imeizunguka pande zote. Mueni akasema sawa, ameelewa, lakini ni mkoa gani.

"Anti," Palesa akaniambia, "mama yangu anasimama ubunge."

Hapo nikakaa kitako nimsikilize. Mama yake alikuwa mwalimu mstaafu, na ndiye aliyekuwa akimlea mtoto wa Palesa. Mtoto huyo aliachwa akijifunza kutembea, na sasa alikuwa akienda chekechea. Likizo yake ya katikati ya mkataba Palesa aliiuza ili nyumba ya mama yake iezekwe, hivyo hakumwona mtoto tena tangu aondoke. Mkataba wake ulikuwa unaisha. Na mama yake alikuwa amemwambia waziwazi: nikiingia bungeni, rudi, kwa posho yangu tutaishi sote na mtoto atasoma. Nikikosa, ongeza mkataba, kwa maana hapa hatuna kingine.

Mkataba wa pili maana yake ni miaka mingine miwili. Mtoto angekuwa anajua kusoma.

Nikalibandua bango kwa muda. Nilijiambia hakuna hatari, kwa sababu jengo zima hakukuwa na mwenye chama chake Lesotho. Uchaguzi wa watu wengine ni raha tupu, unachagua upande kama unavyochagua kanga.

Mwaka ule uliangukia Ramadhani. Sisi tuliofunga tulikuwa tumelala lala mchana, ofisi zilifunga mapema, na nje joto lilikuwa la kukaangia yai. Simu za WhatsApp za kuongea zilikuwa zimefungwa kule, kwa hiyo shangazi yake Palesa alikuwa akisikiliza redio kwao, kisha anarekodi sauti na kuituma. Palesa anaisikiliza, anatutafsiria, na sisi tumejaa jikoni.

Jimbo la mama yake lilitangazwa miongoni mwa yale ya mwanzo. Alishindwa. Si kwa mbali, lakini kushindwa ni kushindwa.

Mnajua sisi tulivyo. Dakika ile ile watu walibadili nyuso. Mmoja akavuta kiti, mwingine akamshika bega, chai ikatengenezwa ya tangawizi. Namuli, Mganda wa Masaka, mhudumu wa mgahawa na mlokole wa kupindukia, akashika mikono ya Palesa akaanza maombi ya kumfariji, na maombi ya Namuli hayakuwa mafupi. Alipofika amina, Mueni akasema lililokuwa kichwani mwa kila mtu. "Dear, si u-sign tu. Two years ni kitu gani. Zitaisha."

Na mimi karatasi ya kuongeza mkataba nilikuwa nayo. Sir wa HR, Mmisri mmoja mwenye haraka, alinipa niisainishe. Nikaitoa.

Palesa akaiangalia, akairudisha. "Bado, Anti. Kuna orodha."

"Orodha gani?"

"Orodha ya chama. Mama yuko kwenye orodha pia. Kama chama chetu kitapata…" Akaanza kueleza, lakini jiko lile halikuwa na adabu ya kusikiliza maelezo. Mimi nikasema nimeelewa, ni kama viti maalum vyetu vya Tanzania. Mueni akasema hapana, ni nomination, hiyo unampikia mkubwa wa chama. Namuli akasema hata Uganda kuna mbunge mwanamke wa kila wilaya, ndiyo hiyo hiyo. Tukabishana kwa ajili ya nchi zetu tatu, Palesa akaacha kueleza. Sote tukatoka na jambo moja tu: mama bado ana nafasi, na nafasi hiyo iko mikononi mwa chama. Basi chama kishinde.

Tukaanza kazi ya kukishindisha.

Kila sauti ya shangazi ilipoingia, tulimtumbulia macho Palesa. Akisema jimbo hili tumechukua sisi, vigelegele. Mueni alikuwa na sufuria na mwiko wake maalum. Wafilipino wakaja, wakaambiwa shangwe ni ya nani, wakapiga makofi. Wanepali nao. Namuli aliongeza kwenye maombi yake, "Bwana, kipe chama cha mama huyu majimbo yote, usibakishe hata moja," na tukaitikia amina, waliofunga na wasiofunga. Palesa pia aliitikia, lakini yake ilikuwa ndogo.

Na maombi yalijibiwa. Chama kilikuwa kinachukua jimbo baada ya jimbo. Mimi, mtu mzima, nilikuwa nimeanza kupanga nani nimpe kitanda cha Palesa akiondoka.

Alasiri ya siku ya pili, vigelegele vimepamba moto, nikamwona Palesa ameinuka amekwenda kwenye sinki. Akachukua kikombe kutoka kwenye kabati, kisafi kikavu, akakiosha. Akakiweka. Akachukua kingine. Nikamkumbuka Leela, Mungu amrehemu popote alipo kama amekufa, na kama hajafa amzidishie.

Nikamsogelea. "Mwanangu, tunashinda. Mbona umenyong'onyea?"

Akaendelea kuosha. "Tunashinda sana, Anti."

"Sasa?"

Pembeni kulikuwa na chapati za Mueni zimefunikwa kwa kitambaa. Palesa akafunua. "Bungeni viti ni vya aina mbili," akasema. "Vya majimbo, mwenye kura nyingi anakaa. Na vya orodha. Wanajumlisha kura zote za chama, nchi nzima, wanasema: chama hiki kinastahili viti hivi. Halafu wanaangalia, majimboni kimeshachukua vingapi? Kilichopungua ndiyo kinaongezwa, kutoka kwa orodha." Akazitenga chapati kwa vidole vyenye sabuni, jambo ambalo Mueni hajalijua mpaka leo. "Sema mimi nastahili chapati sita. Nimejipikia nne. Wewe unaniongezea ngapi?"

"Mbili."

"Nimejipikia sita zote?"

"Sikuongezei kitu."

"Mama yangu yuko kwa zile za kuongeza."

Nilielewa hapo hapo, sikuhitaji chapati ya pili. Ndivyo nilivyokuwa nikigawa mablanketi miaka yote. Kila mtu anastahili mawili. Aliyekuja na lake anapewa moja, aliyekuja na mawili anapewa neno la karibu na funguo tu. Nikageuka nikawatazama wenzangu wanavyopiga sufuria. Jimbo jingine lilikuwa limeingia, na Namuli alikuwa ameinua mikono juu.

"Kwa hiyo kila jimbo tunaloshangilia…"

"Linamtoa mama, Anti. Linamsukuma kidogo kidogo."

"Na tangu jana umetuacha tu tunapiga vigelegele?"

Akafunika chapati. "Mlikuwa mmefurahi. Miaka yote hii hapa, hakuna mtu alishangilia nchi yangu."

Roho iliniuma, sitaficha. Nilimkumbatia na mikono yake ikinilowesha mgongo, halafu nikaenda kunyang'anya sufuria.

Kuwaeleza wenzangu ilikuwa mtihani. Mueni alisikiliza amekunja uso kama anayekagua kitambulisho. "Ngoja. Tunataka chama kipate kura mob."

"Ndiyo."

"Lakini majimbo kidogo."

"Ndiyo."

"Yaani wawe namba mbili kila mahali, wasiwe namba moja mahali."

"Ndiyo hivyo," Palesa akasema.

Mueni akatafakari. "Hiyo hata kwetu ingetusaidia. Kwetu namba mbili anapata kesi."

Namuli yeye alikuwa na tatizo la imani. Alikuwa ameshaomba majimbo yote, kwa kufunga asubuhi, na yalikuwa yanakuja. "Banange, Anti, siwezi kurudi kumwambia Mungu nilikuwa sijaelewa hesabu," akaniambia. Akaketi na Biblia yake muda mrefu. Mwishowe akapata njia: hataombea chama cha Palesa kishindwe, ila ataviombea vile vyama vingine, kwa huruma tu, maana inaelekea huku Dubai havina mtu wa kuviombea. Tukaona ni sawa.

Usiku ulipita, asubuhi Palesa akanionyesha hesabu yake. Sikuikagua, nilimwamini. Lilikuwa limebaki jimbo moja tu ambalo chama chake kilikuwa na nafasi nalo, jimbo la juu kabisa milimani. Kikilichukua hilo, orodha inaishia kwa aliyemtangulia mama yake. Kikilikosa, mama yake ndiye wa mwisho kuingia. Na masanduku ya huko yalikuwa hayajashuka. Shangazi alisema njia mbaya, kuna theluji.

"Theluji Afrika?" Namuli akauliza. Nje ya dirisha letu, mlinzi wa ghala la jirani alikuwa amejifunika taulo lenye maji kichwani. Tukakaa kwenye joto lile tunangoja theluji ya watu iyeyuke.

Hapo ndipo Sir akapiga simu.

"Anti, karatasi ya Palesa. Leo ndiyo mwisho, kabla ofisi haijafungwa. Anasaini au hasaini? Akinyamaza namweka mtu mwingine, khalas. Yalla, Anti, niko kwenye swaumu."

"Inshallah, Sir," nikasema. Na inshallah yangu aliijua, akakata.

Sasa hapa sikilizeni, maana hili litawafaa popote mtakapofanya kazi. Ofisini usidanganye. Ukidanganya utasahau, wao hawasahau. Lakini ofisi inaheshimu doa. Nilichukua ile karatasi nikaiweka juu ya meza ya kupikia, nikamimina mafuta ya kula kijiko kizima katikati yake. Kisha nikampigia Sir nikamwambia ukweli mtupu, kwamba karatasi imemwagikiwa mafuta jikoni, haifai hata kuguswa, atutumie nyingine. Akasema maneno ya Kiarabu ambayo mtu aliyefunga hatakiwi kuyasema. Akamtuma dereva na mpya. Na kutoka Al Rigga mpaka Al Qusais mchana wa Ramadhani, watu wote wanakimbilia nyumbani, dereva si ndege.

Tukamwona dereva anaegesha chini ya jengo kabla sauti ya shangazi haijafika. Nikamwambia Mueni akamcheleweshe. Mueni ni mlinzi, kazi hiyo aliisomea. Alimdai dereva kitambulisho, akamwuliza anamtafuta nani, ghorofa gani, ameagizwa na nani, na jengo halikuwahi kuwa na utaratibu huo hata siku moja.

Simu ya Palesa ikalia.

Akaiweka sikioni, si kwa sauti ya nje kama siku zote. Akaisikiliza yote. Akairudia.

"Tumekosa," akasema. "Jimbo la juu. Tumekosa kwa kura chache."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Tulikuwa tumefundishwa, lakini mwili haujui. Mtu akikuambia tumekosa, mkono unakwenda shavuni wenyewe. Namuli alikuwa ameshasema "pole, nnyabo" kabla hajajikamata.

"Kwa hiyo mama ameingia?" nikauliza.

"Kwa hesabu yangu, ameingia. Tume ya uchaguzi haijasoma majina. Watasoma jioni."

"Una hakika na hesabu yako?"

Chini nilimsikia dereva anapandisha sauti na Mueni anashusha yake, kisha hatua kwenye ngazi. Karatasi mpya ikaingia, safi, haina hata alama. Dereva akasimama mlangoni anatazama saa yake.

Nawaambieni, nimefukuza wezi kwenye jengo lile, nimezima moto wa jiko kwa blanketi, lakini sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Akisaini na mama yake akawa ameingia, miaka miwili imekwenda bure, na hakuna Sir anayerudisha saini. Asiposaini na hesabu ikawa imekosea kidogo tu, anarudi kwa mama mwenye deni la kampeni, mikono mitupu, na mtoto wa kulisha. Alinitazama mimi. Ningekuwa Anti wa maana ningesema neno. Nilisema, "Mwanangu, mimi siwezi kukuamulia."

Akavuta karatasi. Akashika kalamu. Akasema, kama anajisemea, "Sita. Nne. Mbili." Halafu akaandika chini kwamba hataongeza mkataba, akatia jina lake, akampa dereva mwenyewe kwa mikono miwili. Dereva akashuka. Tukasikia gari linaondoka, na baada ya hapo hakukuwa na la kufanya.

Jioni ile nilipika uji wa kufuturu, ukaganda kwenye bakuli. Adhana ilipolia tulikula tende kwa ajili ya dini, na hakuna aliyegusa kingine. Namuli hakuwa amefunga, ila naye hakula. Alisema anaona aibu kutafuna peke yake. Mueni alikuwa amekosa basi la zamu yake kwa makusudi, na mimi niliyetakiwa kumripoti nilikuwa namtengea nafasi kwenye mkeka.

Safari hii shangazi hakurekodi maneno yake. Aliweka simu karibu na redio tu. Palesa akaiweka kwa sauti ya nje. Mwanamume akawa anasoma majina kwa Kisotho, taratibu, bila haraka yoyote, kama mtu aliyelipwa kwa saa. Hatukuelewa neno. Tulikuwa tunamwangalia Palesa. Jina moja, jingine, jingine. Halafu tukamsikia shangazi, nyuma ya redio, anapiga ukelele mrefu uliozima sauti ya yule bwana, na Palesa akakaa chini sakafuni pale pale, akaegemea friji, akajifunika uso kwa aproni.

"Ni yeye?" Namuli akauliza.

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Mueni akatazama huku na huku. "Sasa wacha niulize kabla sijakosea tena," akasema. "Tunashangilia, ama?"

"Shangilia," nikamwambia.

Tukashangilia. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka tena baada ya kufuturu. Wanepali wakashuka kuuliza, Mueni akawaambia tumeshindwa jimbo la mwisho, wakapiga makofi. Mlinzi wa ghala la jirani, Mpakistani mtaratibu, akaja kugonga kujua kuna nini. Mueni akamweleza kwa kifupi kwamba chama chetu kimeshindwa milimani. Akafikiri kidogo, akasema mabruk, hongera, akapewa chapati.

Palesa aliondoka baada ya Idi. Siku ya kuondoka alivua mashuka yake mwenyewe, akayakunja, akaniachia blanketi langu moja na lake moja. Kwenye kitanda chake nikamweka Mganda mpya, na kwa mara ya kwanza kazini nilimpa kitanda cha chini mtu ambaye hakunisalimia vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeduwaa.

Mnaponiuliza kama kule kuna faida, kama mtu anarudi na kitu, huwa nawaambia inategemea. Halafu nawahadithia sauti aliyonirekodia Palesa wiki aliyofika kwao. Alisema mama yake alikuwa Maseru kuapishwa, na yeye yuko nyumbani na mtoto. Siku ya kwanza mtoto alikaa mbali akimtazama. Ya pili alisogea. Ya tatu alimpanda magotini, akamshika shavu, akalibonyeza bonyeza, akamwuliza atarudi lini ndani ya simu.

Palesa akamwambia harudi tena.

Mtoto akafikiri, akaichukua simu iliyokuwa mezani, akampa. "Basi izime," akamwambia.